Kabureta Mbili za Nyar Japan

Jumapili, 9 Machi

Mwaka wa sabini na tisa mimi Ochola wa Obonyo niliondoka Nairobi na pikipiki yangu jua likichomoza, nikafika Kisumu chai ya saa nne bado ni ya moto kwenye birika. Sikusimama popote. Hata kukojoa sikukojoa. Magari yalinipisha kama vile nimebeba bendera ya serikali. Nimeandika, historia ijue.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Ondiek, mke wangu, ameshasoma. Kitabu nakiacha mezani, na meza ni moja. Amesoma wima, miwani kwenye ncha ya pua, kisha akauliza kwa upole wa mtu anayechinja kuku: "Baba Ondiek, na lile lori la kabichi mbona hukuliandika?"

Basi. Nililala Nakuru. Na kuanzia Kericho pikipiki ilisafiri juu ya lori la kabichi, mimi nimeikumbatia isianguke, kwa sababu kabureta ya kushoto ilikuwa imegoma. Na aliyekuwa akinisubiri Kisumu ni yeye mwenyewe, Roseline, msichana wa kwaya, amevaa gauni la njano. Nilimpa mkono nikinuka kama soko la Muthurwa. Akanioa hivyo hivyo. Wanasema mwanamume ndiye anayeoa, lakini hao hawajakutana na Roseline.

Jumatano, 12 Machi

Leo kuna maneno.

Ondiek, mwanangu, amepiga simu kutoka Kitale. Bintiye Jacklyne amepata nafasi chuoni hapa mjini. Atakaa kwetu, na ataingia tarehe kumi na mbili Mei. Tukashangilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Simu ilipokatika Mama Ondiek akaitazama sebule, akaitazama Nyar Japan.

"Mtoto atalala wapi? Juu ya tangi?"

Nyar Japan ni pikipiki yangu. Kwa Kijaluo maana yake binti wa Japani. Ni ya silinda mbili, rangi nyekundu ya damu ya mzee na mstari wa dhahabu, na mstari huo niliuchora mimi, kwa sababu kazi yangu relini ilikuwa kupaka mabehewa rangi. Tangu mwaka wa korona haijanguruma. Inakaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni wa Mama Ondiek huweka vikombe juu ya kiti chake. Nyumba zetu za Mbotela, hapa Nairobi, mnazijua: ukinyoosha mguu sebuleni, kidole kinagonga sufuria jikoni.

Kulala nje haiwezi. Itaibwa kabla haijalowa. Nikaenda kwa Muindi, mwenyekiti wa bodaboda, mwenye banda la mabati na mlinzi.

"Niaje mzae," akasema kwa Sheng yake, ambamo pikipiki ni nduthi. "Nduthi ikija yenyewe ikalala, na asubuhi ikaondoka yenyewe, karibu. Ya kusukumwa sitaki. Hapa si makaburi."

Nikarudi nikakuta hukumu imeshapitishwa. Ama Nyar Japan itembee kabla Jacklyne hajafika, ama imchukue mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

"Na ikinguruma, utanipa nini?"

Mama Ondiek akacheka. "Ikinguruma nitakufunga kamba ya helmeti kama zamani. Mbele ya kwaya nzima."

Zamani alikuwa akinifunga kila asubuhi niendapo kazini, na akimaliza anavuta ndevu kidogo, kama mtu anayejaribu kama fundo limekaza. Nimeandika ili asije akakana.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza. Mulwa naye amekuja, kwa hiyo mikosi miwili kwa siku moja.

Mulwa ni jirani yangu mlango wa tatu, Mkamba, mchonga vinyago. Tangu tuwe vijana anachonga twiga. Twiga mkubwa, twiga mdogo, twiga wa kushikilia vitabu. Nimemwambia mara nyingi kwamba Mungu mwenyewe aliumba twiga wachache kuliko yeye. Yeye huniita mpaka chokaa. Ndiyo heshima yetu.

Tukazifungua kabureta mezani. Kabureta ni jiko la pikipiki: hapo ndipo petroli na hewa vinapochanganywa kabla ya kuingia motoni. Ukizidisha chumvi, mgonjwa anakohoa. Kila silinda ina jiko lake, na ndani ya kila jiko kuna utando wa mpira, mwembamba kama ganda la kitunguu, unaopanda na kushuka kwa pumzi ya injini. Tando zote mbili zilikuwa zimechanika.

Mulwa akaishika kabureta, akaigeuzageuza kama anunuaye embe. "Tupa hizi," akasema. "Weka mbili za bodaboda. Zinauzwa kila kona, na hazina huo utando."

"Mulwa, utamwekea malkia meno ya mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko?"

"Malkia ni kibogoyo, Ochola. Afadhali meno ya mbuzi."

Nimemfukuza. Amemaliza chai kwanza.

Jumapili, 16 Machi

Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda Grogan kwa Kui, muuza spea mwenye kucha ndefu na mkono wa chuma. Ameutazama utando wangu dhidi ya balbu, akaniita babu kwa Kikikuyu. "Guka, hii kitu ni ya kabla mama yangu aolewe." Lakini ameahidi kuuliza kwa watu wake wa nje. Huenda ukafika kabla ya Pasaka, huenda usifike. Huyo ndiye mwanamke wa pili Nairobi anayenijibu ukweli.

Jumatano, 2 Aprili

Sikuweza kungoja. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo relini hajui kungoja kitu kisichochelewa rasmi.

Kwenye sherehe ya ubatizo kanisani nilikuwa nimeokota maputo mawili mekundu. Nikalikata moja mviringo, nikalifunga mahali pa utando, nikafanya na la pili. Nikapiga kiki. Hakuna. Nikapiga tena. Nyar Japan ikawaka! Iliwaka hapa hapa sebuleni, moshi ukajaa, picha ya arusi ikadondoka, Mama Ondiek akatoka jikoni ameshika mwiko, na naapa alikuwa anatabasamu kabla hajakumbuka kukasirika.

Kisha ikakohoa, ikazima. Nikafungua. Mvuke wa petroli ulikuwa umelivimbisha puto moja mpaka likafura kama shavu la mpiga tarumbeta, na jingine lilikuwa limemezwa.

Mulwa alikuwa amesimama mlangoni, mvua mgongoni. Aliimba tu, polepole, wimbo wa siku ya kuzaliwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimejaribu mpira wa tyubu ya baiskeli. Mgumu. Haupandi wala haushuki, kama askofu. Mama Ondiek akisoma hapa aniombee.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mulwa hajaja kutucheka. Kutoka kwake nasikia tezo, ko ko ko. Twiga mwingine.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimekaa kanisani benchi la nyuma nikamtazama Mama Ondiek akiongoza kwaya. Katikati ya wimbo akanyanyua kidole, watu wote wakanyamaza. Akamwangalia mama mmoja wa sauti ya pili, mstari wa mwisho, nyuma ya nguzo. "Dada yangu, umechoka? Uko chini ya wenzako kidogo tu." Mimi sikuwa nimesikia chochote. Kuimba naimba kama bawaba. Lakini yule mama akacheka, akapanda, na wimbo ukakaa kama kifuniko kwenye chungu.

Nimeishi na masikio hayo tangu enzi za lori la kabichi. Ndiyo maana sijawahi kufika nyumbani kwa kunyata na kufaulu.

Jumamosi, 19 Aprili

Tando zimefika! Kui amezileta mwenyewe mpaka stendi ya Muthurwa, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto. Nyeusi, laini, mpya. Nimebusu moja. Nimezifunga, nikasafisha jeti, vile vitundu vya petroli, kwa unyoya wa kuku, nikamwita kila mtu, hata Mulwa, ili aje aaibike.

Iliwaka kwa kiki ya kwanza. Nikamgeukia Mulwa nikafungua mdomo kumtukana, na kabla tusi halijatoka Nyar Japan ikaanza kupanda mlio yenyewe, bila mtu kugusa, juu, juu zaidi, ikipiga kelele kama mwanamke aliyeona nyoka, kisha ikashuka ikawa kama inakufa, kisha ikapanda tena. Nikaizima.

Mulwa alipiga magoti. Alipulizia maji ya sabuni kwenye fimbo nyembamba inayopita tumboni mwa kabureta, akaniambia niwashe. Povu likanyonywa ndani, likatoweka.

"Imeliwa, Ochola," akasema. Hakucheka safari hii. "Tundu limepanuka, chuma kimechakaa. Hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Utando mpya hausaidii. Mti uliooza kiini huchongi. Unatafuta mti mwingine."

Nikamwambia mambo. Nikamwambia anajua kuni, hajui chuma. Nikamwambia twiga wake wote wana sura moja, na sura yenyewe ni ya mama mkwe wake. Nikamwambia anataka tu kuona kitu changu kizuri kikiharibiwa, kwa sababu yeye vitu vyake vizuri huviuza kwa wageni na habaki na hata kimoja.

Hilo la mwisho lilikuwa la kweli, na ndilo lililoumiza. Alijipangusa magoti, akamuaga Mama Ondiek kwa heshima, akaondoka.

Mwanzoni nilijiona nimeshinda. Kisha chai ikaja, na kikombe cha tatu kikawepo mezani, kwa mazoea, na hakuna aliyekinywa.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Mvua. Nyimbo. Mulwa hakunipa mkono wa amani, kwa sababu alikaa upande ule mwingine. Mimi ndiye niliyehama kwanza, sitaki kusingizia.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia Mama Ondiek amwite mtu wa vyuma. Kama Nyar Japan haiwezi kuwa Nyar Japan, basi na iende. Sitaki kuendesha uso wa malkia wenye tumbo la bodaboda. Nitakuwa nadanganya watu barabarani.

"Wewe, uogope kudanganya watu?" akasema.

Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Funika jicho la kushoto."

Nikafunika.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Naonekanaje?"

"Mkali. Mzuri. Una punje ya mchele kwenye nywele."

"Na hilo unalonionea ni la nani?"

Miaka miwili iliyopita mtoto wa jicho alinifunga jicho la kulia, nikawa naona ukungu tu. Wakanitoa lenzi niliyozaliwa nayo wakaniwekea ya plastiki, ndogo kama dengu. Siku waliponifungua bandeji, mtu wa kwanza niliyemwona sawasawa alikuwa yeye, na nililia, ingawa nilisema ni dawa.

"Plastiki hiyo," akasema. "Haikuumbwa na Mungu, wala na Nyanya Obonyo aliyekuzaa. Na bado aliyeamka kitandani alikuwa Ochola, kelele zote zipo. Mimi sikumwita mtu wa vyuma."

Akaenda kupika. Mimi nimekaa hapa na Nyar Japan tukitazamana, mimi kwa jicho la plastiki.

Hivi nani huyu niliyemuoa?

Jumatano, 23 Aprili

Mwanamume haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Nimenunua muthokoi, chakula cha kwao, nikapika mwenyewe. Mahindi yale yaliyokobolewa na maharagwe, nani asiyeweza? Mimi siwezi. Yalitoka magumu kama kokoto za reli. Nikayapeleka hivyo hivyo kwenye bakuli lenye kifuniko.

Mulwa akaonja. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Bwana Ochola," akasema, "hii ndiyo samahani au ni vita vinaendelea?"

"Ni samahani. Ila haijaiva."

Tukacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaniingiza ndani. Kwenye benchi lake, katikati ya maganda ya mti, hakukuwa na twiga. Kulikuwa na shingo mbili za mti wa jakaranda, kila moja bomba fupi la kuunganishia lililopinda kidogo, upande mmoja mdomo wa injini ya Nyar Japan, upande mwingine mdomo wa kabureta ya bodaboda. Amezipiga msasa zikawa laini kama shavu la mtoto. Nilipitisha kidole ndani, nisikute hata kipele.

"Ulianza lini?"

"Siku ile uliponifukuza mara ya kwanza. Nilipima wakati unanitukana. Ukitukana huangalii mikono ya mtu."

Kumbe ko ko ko yote ile. Mvua yote ile. Mtu nimemtukana kwa msimu mzima, naye anachonga shingo ya pikipiki yangu. Nimeishi naye mlango wa tatu nikidhani namjua, na nilichokuwa nakijua ni mgongo wake tu akiwa ameinama.

"Kwa hiyo tunabadilisha," nikasema.

"Wewe ndiye mwenye mali. Sema."

"Tunabadilisha."

Neno lilitoka rahisi kuliko nilivyotarajia. Muthokoi tulimpa kuku wa jirani. Naye aliuacha.

Jumatano, 30 Aprili

Shingo ya mti ingeungua, kwa hiyo mti ni wa kutolea sura tu. Tumekwenda Kamukunji kwa vijana wanaoyeyusha alumini. Wanaushindilia mti wako kwenye mchanga wenye unyevu, wanautoa, shimo linabaki na sura yake, kisha wanamimina.

Walitaka alumini nzuri. Mama Ondiek alikuwa ametutolea sufuria yake ya ugali, ile ya miaka yote, iliyotoboka kando. Alitukabidhi imeoshwa na kung'arishwa, eti hawezi kutoa kitu kichafu nje ya nyumba. Niliitazama ikilegea kwenye moto, ikawa maziwa. Ugali wangu wa nusu ya maisha ulipita hapo.

Mvua ilinyesha nje ya kibanda wakati wakimimina. Mulwa alisimama karibu sana na mchanga, ameshika kofia kifuani, kama mtu anayesubiri jina la mtoto.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Tumekata, tumepiga tupa. Vidole vyangu vinanuka sufuria.

Jumamosi, 3 Mei

Zimefungwa. Kabureta mbili za bodaboda kwenye shingo mbili za sufuria ya ugali. Nilipoinama kukaza skrubu ya mwisho nikaona kitu chini ya shingo ya kushoto, mahali ambapo hakuna mtu atakayeona ila afungaye skrubu. Twiga. Mdogo kama ukucha wa kidole gumba, ametoka kwenye alumini na madoa yake yote.

"Mulwa!"

"Mkono uliteleza," akasema, akatazama dari.

Nimesema maisha yangu yote kwamba twiga wake wana sura moja. Huyu nimemwangalia kwa lile jicho zuri. Anacheka.

Nyar Japan imewaka. Haipandi mlio yenyewe, haikohoi. Lakini inatetemeka kama inabishana na nafsi yake, tak-tatak, tatak-tak. Muindi wa bodaboda amekuja akazungusha skrubu huku, akazungusha kule, akajikuna. "Mzae, mimi nimezoea moja. Hizi mbili zinagombana."

Zimebaki siku chache Jacklyne aje.

Jumapili, 4 Mei

Nitaandika polepole maana nataka jambo hili nilione tena.

Baada ya kanisa tulikuwa watatu sebuleni, mimi, Mulwa na Muindi, mlango wazi, moshi unatoka, mvua inataka kuingia. Tumezungusha mpaka tumechoka. Mama Ondiek akatoka jikoni mpaka hapa, bado na sare ya kwaya, ameshika kipande cha bomba la maji la plastiki.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Akaweka ncha moja ya bomba kwenye mdomo wa kabureta ya kulia, ncha nyingine sikioni mwake. Akafumba macho. Akahamia ya kushoto. Akarudi kulia.

"Huyu anavuta pumzi nyingi," akasema. "Huyu wa kushoto amepitwa. Mpandishe."

Nikashika bisibisi. Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka hewani, ule mkono wa kwaya, kiganja juu: panda, panda. Nikazungusha. Panda. Kiganja kikageuka: basi. Kidole kimoja: rudi, kidogo tu. Akahamia kulia: shuka. Mimi, Ochola, niliyeambiwa tangu ujana nisiimbe karibu naye, nikawa nafuata mkono wake kama mstari wa kwanza wa sauti ya juu.

Kisha akaifunga ngumi, kama anavyofunga wimbo. Na Nyar Japan ikaacha kutetemeka. Sauti mbili zikawa moja, nene, tulivu, dum dum dum dum, vikombe havikulia hata kimoja kwenye kabati. Muindi akavua kofia. "Shosh," akasema, yaani bibi, "wewe ni noma, hatari kabisa." Mulwa alikuwa anapangusa macho akisingizia moshi.

Yeye akakunja bomba. "Kumbe ni sauti ya kwanza na ya pili tu," akasema, akarudi jikoni, chapati zilikuwa zinaungua.

Jumamosi, 10 Mei

Nyar Japan imetoka mlangoni yenyewe. Mulwa nyuma yangu, kwa sababu ni haki yake, amenishika kiuno kama mchumba. Tumepita Jogoo Road mpaka mzunguko, tukarudi, barabara imelowa inang'aa. Si sauti ile ya zamani. Ni ya chini kidogo, kama mtu aliyekua. Muindi amefungua banda mwenyewe.

Jumatatu, 12 Mei

Jacklyne amefika. Sebule ni kubwa kama uwanja. Ameuliza ile alama ya mafuta sakafuni ni nini. Bibi yake amemwambia ni mahali pa heshima, apitie kando.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imekatika. Wiki nzima nimekuwa nikikumbusha jambo fulani, na wiki nzima nimeambiwa mikono ina unga, mikono ina sabuni, kwaya haikukamilika. Kesho kwaya yote itakuwa mlangoni pa kanisa saa tatu, hata yule wa nyuma ya nguzo, nimeuliza. Mimi nitakuwa juu ya Nyar Japan, injini inanguruma, kama tulivyokubaliana tarehe kumi na mbili Machi, rudi nyuma usome.

Helmeti nimeiweka juu ya kitabu hiki ili usisome bila kuigusa. Kamba iko upande wa kushoto, Mama Ondiek. Na zile ndevu usizisahau.